Leseni ya "kudumu" ilikufa na radi, ya kulipia kila mwaka ikatufungia ramani ya Nemba: yaliyotukuta ofisini Biharamulo

Wakuu, poleni na majukumu.

Juzi kuna member aliuliza humu: mtu mwenye ofisi ndogo anunue programu ya kompyuta mara moja iwe yake, au achukue ile ya kulipia kila mwaka? Mkajibu haraka haraka, kila mtu na lake, mwisho mkaanza kutukanana kama ilivyo kawaida yetu.

Sikujibu siku ile. Nilianza kuandika nikafuta, kwa sababu jibu langu ni refu na lina watu ndani yake. Leo nimepata nguvu kidogo. Naeleza ilivyokuwa, sitaongeza chumvi. Majina ya watu nimebadilisha, kampuni siitaji, kwa hiyo msinijie PM kuuliza ni nani.

Mimi ni mpima ardhi. Huku vijijini wanatuita bwana ardhi, hata kama hatuko serikalini. Ofisi yetu iko Biharamulo mjini, chumba kimoja, tuko wawili. Mwenzangu ni Adelina, tumesoma naye chuo kimoja. Mimi napenda porini, yeye anakaa kwenye kompyuta. Nikirudi na pointi za GPS yeye ndiye anazigeuza kuwa mchoro unaoeleweka: huyu shamba lake linaishia hapa, barabara inapita hapa.

Kuchora huko kunahitaji programu maalumu. Ndiyo chanzo cha uzi huu.

Tulipoanza tulinunua leseni ya kudumu. Perpetual. Unalipa mara moja, wanakupa namba ndefu, unaiingiza, basi. Tulifurahi sana. Tulijinyima mambo mengi kuipata, na tuliposikia neno "kudumu" tukaona tumemaliza. Adelina aliibandika ile namba ukutani nyuma ya kiti chake kama watu wanavyobandika kalenda.

Na kusema haki, ilitutumikia. Haikutaka intaneti, haikuwa na maswali. Unawasha, unachora, unazima. Kwa mji wetu ambao mtandao una siku zake, hilo si jambo dogo.

Halafu ikaja radi.

Anayeishi ukanda huu anazijua radi zetu. Ilipiga mchana, mvua hata haijashika vizuri. Kompyuta ilikuwa imechomekwa ukutani. Tulisikia mlio kama wa kibiriti kikubwa, kisha harufu. Fundi aliifungua, akaichungulia, akaifunga tena. Kazi zetu zilipona kwa sababu Adelina ana tabia ya kuhifadhi nakala pembeni. Mashine yenyewe ilikuwa imekufa.

Tukapata kompyuta nyingine. Nikampigia aliyetuuzia programu.

"Kaka, usijali," akaniambia. "Leseni yako ni perpetual. Ni yako milele."

"Sawa. Basi nielekeze niiweke kwenye kompyuta mpya."

Nikasikia anabonyeza bonyeza.

"Hiyo version yenu kampuni ilishaacha kui-support. Seva ya kui-activate imezimwa."

"Sasa milele gani hiyo?"

"Milele kwenye ile kompyuta yenu ya mwanzo."

"Ile imepigwa radi."

"Pole sana kaka."

Wakuu, hapo ndipo nilipojifunza maana ya neno kudumu kwenye biashara hii. Unachonunua ni haki ya kutumia toleo lile, kwenye mashine ile, bila tarehe ya mwisho. Matoleo mapya ni habari nyingine. Kusaidiwa ukikwama ni habari nyingine. Kuhamishia leseni mashine mpya nako kulikuwa ndani ya kitu wanakiita maintenance, unakilipia kila mwaka pembeni, na sisi hatukuwa nacho kwa sababu siku ya kununua hakuna aliyetutajia. Leseni haikuisha kweli, ila haikuwa na pa kukaa.

Siwalaumu sana. Lakini nilichoka siku ile. Ni uchovu wa mtu aliyejenga nyumba akaambiwa kiwanja kilikuwa cha kukodi.

Sasa akaja agent mwingine, tumwite Elisha. Alitoka Mwanza na basi, kijana nadhifu, anaongea vizuri mpaka unasahau ulitaka kumuuliza nini. Akatueleza subscription. Unalipa kwa mwaka, matoleo mapya unapata bure, ukikwama wanakusaidia, na kazi zako zinakaa kwenye cloud, yaani kwenye seva zao, radi ipige isipige.

Aliposema hilo la radi, alitupata.

Siku hiyo mtandao ulikuwa unasumbua, ile code ya kuthibitisha akaunti haiingii kwenye simu yangu. Elisha akasema atafungua kwa email yake ya kazini ili twende haraka.

Adelina akamuuliza, "Mbona isiwe email ya ofisi yetu?"

"Dada, hiyo tutabadilisha baadaye, ni kitu cha dakika moja. Nyie fanyeni kazi, haya ya akaunti niachieni mimi."

Akatupa password. Tukaingia, kila kitu kinawaka. Hilo la kubadilisha Adelina alimkumbusha kwenye simu zaidi ya mara moja, na kila mara jibu likawa "wiki ijayo dada."

Mwaka ule ulikwenda vizuri kwa sehemu kubwa. Niseme tu kisa kimoja cha Nyakisasa, kule Ngara. Tulikwenda kupima mashamba ya ukoo mmoja, Adelina akaja na laptop ili tuchore kule kule. Programu za aina hii kuna muda zinataka kupiga hodi kwao kwenye intaneti, zihakikishe bado umelipia. Usipokuwa na mtandao inakuvumilia, uvumilivu ukiisha inajifunga. Ikajifunga tukiwa migombani. Simu zetu nazo zinashika mtandao wa nchi jirani, zinatukaribisha ng'ambo wakati tuko kwetu. Tukapanda kilima na laptop kichwani, Adelina anacheka, mimi sicheki, mpaka tukapata vijiti viwili vya mtandao wa nyumbani ndipo ikafunguka.

Wenyeji wakatuuliza kama huko juu tulikuwa tunasali.

Tulichukulia kama kichekesho.

Sasa nije Nemba.

Nemba ni kata ya wakulima huku Biharamulo. Kuna familia za pale toka enzi na enzi, na kuna wafugaji waliotoka upande wa Mwanza na Shinyanga, nao sasa wana watoto waliozaliwa pale pale. Kijiji kimoja kilikuwa na ugomvi wa njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Kila kiangazi mifugo inapita, kila kiangazi mahindi yanaliwa. Mwaka wa nyuma yake kijana mmoja alikatwa panga mkononi. Hakufa, ila vidole viwili havikunjiki tena.

Kijana huyo ni mtoto wa Mama Stefania, mjane mwenye shamba la mwisho kabla ya mto. Upande wa pili mfugaji mkubwa ni Mzee Masanja. Hawa wawili ndio walikuwa kila kitu. Wakikubaliana wao, wengine wanafuata.

Na walikubaliana, wakuu. Baada ya vikao ambavyo sijui mwenyekiti wa kijiji alipata wapi uvumilivu wa kuviendesha, walikubali njia ya mifugo ipimwe, iwe na upana unaojulikana, ichorwe, na watu wote wasaini mbele ya mkutano wa kijiji. Mama Stefania alitoa kipande cha shamba lake la chini. Mzee Masanja alikubali kuizungusha njia mbali na kisima. Tukaitwa sisi.

Nilipima njia yote na wote wawili wakiwepo. Mzee Masanja alikuwa mbele na fimbo yake, Mama Stefania nyuma yangu anaangalia kila nilipokanyaga. Nilimwamkia Mzee shikamoo, akaitika marahaba, akanifundisha mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, nikawa naikosea makusudi ili acheke. Kazi ilikuwa nzuri. Kuna siku unasikia kabisa kwamba kazi yako ina maana.

Adelina alichora. Kulikuwa na marekebisho mengi ya majina na kona, mpaka siku moja kabla ya mkutano. Siku hiyo umeme ulikatika toka asubuhi, laptop ilimaliza marekebisho kwa chaji yake lakini printa haikuwa na la kufanya. Tukasema tutachapa asubuhi kabla ya kuondoka.

Asubuhi umeme upo. Adelina akafungua programu.

Nilimwona anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

"Kaka, njoo usome hapa."

Subscription imekwisha. Wasiliana na mmiliki wa akaunti.

Mmiliki wa akaunti ni Elisha. Taarifa zote za kukumbusha kulipia zilikuwa zinakwenda kwenye email yake. Sisi hatukuona hata moja. Nikampigia, namba haipatikani. Nikapiga kampuni aliyokuwa anafanyia kazi, dada akanijibu kwa upole kwamba aliacha kazi kitambo. Email yake? Ilifungwa alipoondoka.

Tukaandikia wenye programu yenyewe. Jibu lilikuja haraka, nawapa sifa yao: samahani, kwa usalama tunazungumza na mwenye akaunti tu.

Hiyo ndiyo subscription, wakuu. Umepanga chumba. Na sisi mkataba wa chumba uliandikwa jina la dalali.

Adelina akasema, "Tufungue akaunti mpya kwa jina letu, tulipie leo leo." Akafungua. Ilifunguka vizuri, nyeupe, haina kitu. Michoro ilikuwa kwenye cloud, ndani ya akaunti ya zamani. Zile nakala alizozoea kuweka pembeni, programu hii mpya haikuwa inahifadhi kwenye diski, na njia ya kuzishusha ilihitaji ruhusa ya mwenye akaunti.

Kilichobaki ni pointi ghafi ndani ya mashine ya GPS. Ni matofali tu hayo, nyumba haijajengwa.

Mkutano ulikuwa saa nne. Tukaondoka mikono mitupu.

Nilisimama mbele ya watu nikaeleza. Jaribuni wenyewe kumweleza mtu ambaye mwanaye amekatwa panga mkononi kwamba ramani ipo ila imefungiwa kwa sababu ya email. Nilisikia maneno yangu yanavyotoka nikaona hata mimi siyaamini.

Kijana mmoja nyuma akasema, "Wameshanunuliwa hawa."

"Na nani?" mwingine akauliza.

"Mwenye ng'ombe si anajulikana?"

Mzee Masanja akainuka. "Mimi nimemnunua nani? Niliitwa kusaini, nimekuja. Nimeacha kazi zangu."

Mwenyekiti akawatuliza. Nikaomba basi tutembee njia yote pamoja na mashine, niwaonyeshe kila kona, tupige vigingi, karatasi itafuata. Wengine walikubali, wengine wakaenda zao. Tulifika karibu nusu, mvua ikatutawanya. Upande wa juu ukapata vigingi. Upande wa mtoni, kwa Mama Stefania, haukupata.

Mwenyekiti akaniambia pembeni, "Bwana ardhi, bila karatasi sina cha kuwasainisha. Fanya haraka. Hawa watu niliwapata kwa shida."

Adelina akaanza upya. Safari hii alitumia programu huria, ya bure, ile inayotengenezwa na watu wa kujitolea duniani. Alikuwa anajifunza huku anachora. Alifanya kazi mpaka macho yakavimba. Mimi nikawa narudi Nemba kuhakiki kona ambazo majina yake yalikuwa kwenye mchoro uliofungwa tu. Watu walewale, maswali yaleyale, na sura zinazidi kukunjamana.

Kabla hatujamaliza, ng'ombe wakaingia.

Mwenyekiti alinipigia, nikachukua pikipiki. Nilikuta mahindi ya Mama Stefania ya upande wa mtoni yamelala chini, na vijana wamesimama pembeni na mapanga. Katikati ya shamba, juu ya yale mahindi yaliyovunjika, alikuwa amekaa Mzee Masanja. Peke yake. Fimbo ameiweka chini.

Alikuwa amewaambia vijana, "Ng'ombe ni wangu. Aliyewachunga alifuata vigingi, vilipoisha akapotea. Msimtafute huyo. Mnaye mimi hapa, mfanye mnalotaka."

Akakaa. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, amekaa kwenye matope.

Hakuna aliyemgusa. Mama Stefania alikuja, akasimama mbele yake muda mrefu. Yule mwanaye mwenye vidole vibovu alikuwa mmoja wa walioshika panga. Mama akamgeukia mwanaye akamwambia, "Nenda nyumbani." Kijana hakwenda. Akamwambia tena, sauti ileile, haikupanda. Akaenda. Wengine wakafuata mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa pale na helmeti mkononi. Sikuwa na msaada wowote.

Kesho yake Mama Stefania akaja ofisini kwetu mjini. Hakuwahi kufika kabla. Adelina alimpa kiti na chai, tukamwamkia, akaitika. Akaangalia kompyuta, akaangalia printa, akasema:

"Nimekuja mnieleweshe. Sijaja kugombana."

Nikaanza kueleza. Adelina akanikata, akamweleza vizuri kuliko mimi: kwamba kuna kununua kitu na kuna kukodi, kwamba sisi tulikodi, na aliyetuandikisha aliandika jina lake.

Mama akafikiri.

"Kwa hiyo lamani ya shamba langu ilikuwa inakaa nyumbani kwa nani?"

Adelina alimjibu kwa niaba ya ofisi: "Kwa mtu tusiyemjua, mama. Sasa tunairudisha."

Akanywa chai yake ikaisha. Akasema atasubiri. Akapanda gari akarudi Nemba.

Mchoro ulikamilika. Tukauchapa nakala nyingi kupita zilizohitajika. Mkutano ukaitishwa tena, watu walikuwa wachache kuliko wa mwanzo, na hakuna aliyepiga makofi. Mzee Masanja alisaini. Mama Stefania alisaini. Vigingi vya mtoni vikapigwa, na mwanaye ndiye aliyeshika nyundo, kwa mkono wa kushoto. Mwenyekiti alipotaka kuipiga picha ile karatasi ili kila mtu awe nayo kwenye simu, Mama Stefania akasema yeye anataka ya karatasi. Tukampa.

Kiangazi kilichofuata ng'ombe walipita njiani. Mahindi yalivunwa. Siwezi kusema wanapendana. Wanasalimiana.

Elisha alinipigia mwenyewe baadaye, aliposikia kwa watu. Aliomba radhi, nadhani kwa dhati, ila akaunti hawezi kuifungua bila ile email iliyofungwa. Sikuwa na nguvu za kugomba. Nilimwambia tu, uendako usifungue kitu cha mtu kwa jina lako.

Sasa kwa member aliyeuliza.

Ya kudumu au ya kulipia kila mwaka? Kila moja ina mahali pake. Kama ofisi yako haina mtandao wa uhakika na kazi yako haibadiliki sana, ya kudumu itakufaa, ila uliza siku ya kwanza kabisa: mashine ikifa naihamishaje, na mtaendelea kulihudumia toleo hili mpaka lini? Wakikujibu "milele", omba maandishi. Kama unahitaji matoleo mapya na msaada, au kazi ni ya msimu, subscription ni nafuu kuanza, ila akaunti iwe ya ofisi yako, email ya ofisi, simu ya ofisi, hata kama code itachukua siku nzima kuingia. Na uliza inavumilia muda gani bila intaneti. Usije ukatafuta kilima kama sisi Nyakisasa.

Na lolote utakalochagua, kazi yako ihifadhi pia kwa mfumo ambao programu nyingine inaweza kuufungua, kwenye diski yako. Ni kitu cha kwanza ningekushauri, nimekiweka mwisho kwa sababu nimechoka na mpangilio.

Sisi sasa tunatumia ile huria kwa kazi nyingi, na tunalipia moja ya mwaka kwa mahesabu mazito. Huria nayo si mteremko. Ukikwama hakuna wa kumpigia, unaandika kwenye majukwaa kama hivi unangoja mtu wa bara lingine aamke. Lakini hakuna anayetufungia mlango.

Wateja wanauliza kwa nini siku hizi tunachelewa kidogo. Tunachapa kwanza, ndiyo tunaondoka.

Mlio kwenye wilaya za pembezoni, hospitali, mashule, maduka, mnatumia leseni za aina gani na zimewafanyia nini? Wenye uzoefu wa kuhamisha akaunti kutoka kwa mtu aliyeacha kazi, nyie hasa nawasubiri, maana michoro yetu ya mwaka ule mingine bado iko huko ndani, na kuna familia za Nyakisasa zinaniulizia ramani zao.